Gonga Moja, Gonga Mbili

Haya ninayowaambia nisingependa yafike kwetu Molo, ingawa najua Molo ndio waliokuwa wa kwanza kuyasikia, tena wengine waliyaona kwa macho yao wakiwa wamekaa kwenye viti vya plastiki na nguo zao za Jumapili. Kuna aibu ya mtu kujikwaa njiani, akaangalia kando kama kuna aliyemwona, akaendelea na safari. Yangu haikuwa hiyo. Yangu ilikuwa na kwaya, ilikuwa na mchungaji mgeni, ilikuwa na kondoo, na mpaka leo nikipita sokoni kuna watu wazima na heshima zao ambao hugonga meza mara mbili halafu wanaangalia juu kama watu wanaopima mvua. Nawajua kwa majina, lakini nawaachia Mungu.

Itabidi nianze na lori, maana kila kitu kilianzia huko. Mimi nimekuwa dereva wa lori tangu ujana, nimebeba viazi vya Kuresoi kwenda Nakuru na mbele ya Nakuru, na mkitaka kujua udereva ni nini nendeni Kuresoi wakati wa mvua muone barabara ikigeuka uji. Sikuwahi kulala mtaroni (ni mara moja tu, na siku hiyo makosa yalikuwa ya barabara). Baba yangu alitoka Magharibi kuja kufanya kazi ya reli Nakuru, na alitaka sana nami niingie reli, nikamwambia reli inakupeleka inakotaka yenyewe. Kabla ya kushika steringi nilikuwa tanboi, yule anayepanda nyuma na mizigo, anayeweka jiwe chini ya gurudumu gari ikikataa mlima, na anayesimama nyuma kumwongoza dereva akipiga rivasi. Huko kwetu hakuna anayeniita jina langu. Naitwa Dere, hata watoto wa jirani wananiamkia, "Shikamoo Dere," na sitawadanganya, nililipenda hilo jina kuliko nililopewa kwa ubatizo.

Nilipoacha lori nikabaki na pikapu yangu kuukuu ya kubebea viazi vya shamba letu. Basi mwaka jana nikaanza kugonga vitu. Kwanza nguzo ya geti, ambayo imesimama pale tangu tuhamie. Halafu ndoo za mke wangu. Halafu siku moja ng'ombe wa jirani alitokea upande wa kushoto kama aliyeota kutoka ardhini, nikamkosa kwa neema tu, na tulipofika nyumbani mke wangu, aliyekuwa kando yangu, akazima redio, akaniambia kesho tunaenda kuona daktari wa macho. Tukaenda Nakuru. Daktari, msichana mpole ambaye angeweza kuwa binti yangu, akaniambia ni presha ya macho, kwamba mbele naona vizuri lakini pembeni panazibika polepole, na palipozibika hapafunguki tena, dawa ya matone ni ya kulinda kilichobaki. Nikamuuliza, na gari? Akasema, "Mzee, gari muachie mwingine."

Mwingine alikuwa Nafula. Huyu ni binti yetu, ana miaka ishirini na saba, amesomea kilimo, na ndiye anayelisimamia shamba siku hizi (mimi nasimama tu pembeni nikishauri mambo ambayo ameshayafanya). Amepewa jina la marehemu mama yangu, kwa hivyo namwita Mama tangu azaliwe, na niwaambie, ni vigumu sana kumkaripia mtu unayemwita Mama. Mke wangu alisema wazi, mbele yetu sote wawili, kwamba kama Nafula hatakuwa ameijua gari kufikia Jumapili ya mavuno kanisani, pikapu iuzwe, kwa sababu yeye hataki kukaa mlangoni akingoja kuletewa maiti, awe mimi au mtoto wa mtu. Nilikubali. Nilikuwa na ombi moja tu, kwamba mambo ya macho yasitoke nje ya ile nyumba. Mke wangu akanuna, Nafula akanyamaza, nami nikachukua kunyamaza kwake kuwa ndiyo. Mniambie nyinyi, mtu ambaye dunia nzima inamwita Dere, akiambiwa asiendeshe ataitwa nani?

Nafula alijiandikisha shule ya udereva mjini, ile wanaanza kwa kukufundisha juu ya meza iliyochorwa barabara, unasukuma kigari cha kuchezea kwa kidole. Nikamwambia hiyo ni nadharia, kazi nitamfundisha mimi. Tukawa tunaenda kwenye shamba la mahindi lililokwisha kuvunwa, yeye kwenye steringi, mimi kushoto. Siku ya kwanza gari ilizima hadi nikaionea huruma. Lakini Nafula ana jambo moja alilolirithi kwa bibi yake, ukimwambia kitu hasahau, na hafanyi nusu. Klachi akaielewa, gia akazielewa, na wiki chache baadaye tukawa tunatoka barabarani na ile karatasi yenye herufi ya wanaojifunza imebandikwa mbele na nyuma. Watu wakaanza kunisifu. Wakasema Dere ni mzee wa kisasa, anamfundisha msichana gari, wazee wengine wangemwambia aolewe kwanza. Nikawa natikisa kichwa kwa unyenyekevu, nikijua kabisa kwamba ningekuwa na macho yangu, huyo msichana asingegusa ile pikapu hata kuiosha.

Siku niliyomfundisha rivasi nilishuka nikasimama nyuma, nikapiga bodi kwa kiganja ili asikie mlio.

"Mama, bodi ndiyo mdomo wa tanboi," nikamwambia. "Gonga moja, simama. Gonga mbili, twende."

"Na ukigonga mara mingi?"

"Hakuna mara mingi. Gari ina maneno mawili tu."

Akatikisa kichwa, akarudia kimoyomoyo, moja simama, mbili twende. Tukafanya mchana kutwa. Nikigonga moja, gari inakufa pale pale. Nikigonga mbili, inakuja. Nilifurahi mno, nikasema huyu ni dereva, kumbe furaha nyingine ni za kuogopa.

Basi ikafika Jumapili ya mavuno. Kanisani kwetu siku hiyo kila mtu analeta alichovuna, viazi, mahindi, kuku, mwenye kondoo analeta kondoo, vinauzwa kwa mnada baada ya ibada. Watu walikuwa wengi kuliko kanisa, kwa hivyo ibada ilifanyiwa nje chini ya tenti kubwa jeupe la kukodi. Sisi tulibeba magunia ya kikundi chetu kizima pamoja na kuku wa akina mama, na Nafula akaendesha kutoka nyumbani mpaka kanisani vizuri kabisa, hata mke wangu nyuma kwenye magunia (alikataa kukaa mbele, alisema akiwa nyuma anaweza kuruka) alikuwa anaimba.

Utaratibu ni kwamba gari zinaachwa getini na vijana wanabeba magunia kwa mgongo. Kila mtu alifanya hivyo. Na sisi tungefanya hivyo, ibada ingeisha, tungekula, tungerudi nyumbani, na mimi leo nisingekuwa na mkasa wa kuwasimulia. Lakini pale getini alikuwa amesimama Mzee Koech, mzee wa kanisa, rafiki yangu wa siku nyingi, tuliyebishana naye mambo yote isipokuwa wokovu. Akainama dirishani upande wangu, akatabasamu.

"Dere, siku hizi unabebwa?"

Ni utani tu. Nami nimemfanyia mbaya zaidi. Lakini nililiona lile neno likiingia mahali palipokuwa na kidonda, na kabla sijafikiri nikamwambia Nafula asisimame, aingie, ageuze, apige rivasi mpaka mlangoni pa tenti, tushushie pale pale mbele ya watu. Uamuzi wenyewe ulikuwa mdogo hivyo.

Nafula akaniangalia. Akauliza kwa sauti ya chini kwa nini tusishushie tu hapo, na vijana wapo. Nikamwambia asiwe na wasiwasi, nitamwongoza. Mke wangu akashuka na kwenda kukaa na akina mama, na kama ningekuwa mwanaume mwenye akili ningesoma mgongo wake.

Nikashuka. Nikafungua mlango wa nyuma wa pikapu mapema ili magunia yaonekane (ndiyo, ili yaonekane). Nikasimama nyuma kidogo upande wa dereva, nikainua mkono kama askari wa barabarani, nikaanza, kuja, kuja, kuja. Kwaya ilikuwa inaimba, kinanda kinalia, watu wamegeuza shingo, wengine wakaanza kupiga makofi, na Nafula anakuja taratibu, gari imenyooka, na mimi nikawa siioni tena gari wala tenti, najiona mwenyewe, Dere, kijana wa lori, vumbi la Kuresoi kwenye kope.

Nguzo ya tenti ilikuwa kushoto kwangu. Haikuwa ndogo, haikuwa imefichwa, na ilikuwa imefungwa kondoo, kondoo mweupe mkubwa wa Mzee Koech, ambaye mtu yeyote angemwona. Mimi sikumwona. Nilisikia mama mmoja wa kwaya akisema, "Mzee, nguzo," nikageuza kichwa chote, na hapo ndipo nguzo ikatokea, na gari imebakiza nafasi ya kiganja.

Mkono wangu ukaenda wenyewe kwenye bodi. Nilitaka kugonga moja. Naapa mbele yenu nilitaka moja. Lakini mtu aliyeingiwa na hofu hagongi moja, nikagonga pa-pa, pa-pa, pa-pa, kama mtu anayekimbiza moto. Na gari, ambayo niligundua baadaye kwamba ilikuwa imeshasimama, ikaja.

Tenti halikuanguka kwa haraka. Lingeanguka kwa haraka ingekuwa afadhali. Nguzo iliinama kwanza, kwa adabu, halafu kitambaa chote cheupe kikateremka juu ya kwaya, juu ya wazee, juu ya mchungaji mgeni aliyekuwa amesimama kusoma neno, na kikatulia. Kondoo akajinasua akapita katikati ya ibada na kamba yake. Magunia yaliyokuwa yamewekwa yaonekane yakaonekana vizuri sana, mawili yakafumuka na viazi vikabingirika hadi miguuni mwa watu wa viti vya mbele. Kuku wakajitafutia uhuru. Chini ya kile kitambaa vichwa vikawa vinatembea, na kinanda, kwa sababu kilikuwa kimewekewa mdundo wa kujipiga chenyewe, kikaendelea kupiga. Hakuna aliyeumia, Mungu ni mwema, ni viti tu vilivyovunjika, lakini kile kinanda nakisikia mpaka leo nikiwa nimelala.

Sasa hapo ndipo ninapoona aibu kweli. Tenti si kitu, tenti lilisimamishwa tena. Aibu ni kwamba Nafula aliposhuka, uso umemkauka, mimi mbele ya kanisa zima nikampazia sauti.

"Wewe Mama, hata kusimama hujui?"

Akaniangalia. Hakupaza yake.

"Nilikuwa nimesimama, Baba. Niliona nguzo kwa kioo, nikashika breki. Halafu ukagonga mbili. Nikasema Baba anaona kuliko mimi."

Akanishikisha ufunguo mkononi. Akasema, "Basi itoe wewe," akaenda zake kuelekea getini, na niliona kwa mabega yake kwamba analia.

Nikabaki na ule ufunguo. Watu walikuwa wanatolewa chini ya kitambaa mmoja mmoja, wengine wameanza kucheka, maana watu wakijua wako salama wanacheka, na Mzee Koech akapiga makofi akasema wampishe Dere aitoe gari. Wakapisha. Nikaingia. Nikaweka ufunguo mahali pake. Mbele kulikuwa kweupe mpaka getini, nyasi tu, na mbele mimi naona vizuri. Ilikuwa ni kusogea kidogo tu, gia ya kwanza, na hakuna ambaye angejua chochote. Makosa yangebaki kwa msichana anayejifunza, na watu humsamehe anayejifunza. Na mimi ningebaki Dere.

Nikaangalia kioo cha kushoto. Sikuona kitu cha maana. Nikasikia watoto wanacheka mahali fulani wakimfukuza kondoo, na sikujua ni upande gani. Walikuwa karibu, hilo nilijua kwa masikio. Nikageuza kichwa huku, nikageuza huku, na kila nilipogeuza niliwaza kwamba wamehamia kule nilikotoka. Nikakumbuka yule ng'ombe. Nikakumbuka kwamba muda mfupi tu uliopita mtoto wangu alikuwa ameliona jambo kwa macho yake mawili mazima, akaliacha, akaniamini mimi.

Nikautoa ufunguo, nikashuka.

"Koech," nikasema. "Siwezi. Macho yangu yameharibika. Ile nguzo sikuiona, msichana hana makosa, nilimgongea mbili mimi mwenyewe."

Nilidhani nimesema polepole, lakini kumbe mtu alikuwa ndiyo kwanza amekipata kile kinanda na kukizima, kwa hivyo kanisa lote lilisikia. Mke wangu alikuwa amesimama na kiazi mkononi, ananiangalia, na sikuweza kujua kama amekasirika au ameshukuru (baadaye aliniambia ni yote mawili). Mzee Koech akavua kofia, akaivaa tena.

"Sasa Dere," akasema, "si ungesema tu, tukushushie hapo geti?"

Nimelifikiria sana hilo jibu. Miezi yote ile nilikuwa nimeificha ile habari kama mtu aliyeua, na kumbe upande wa pili wa kuisema palikuwa na vijana wanne wa kubeba magunia.

Nikamfuata Nafula getini. Ni mwendo mfupi lakini siku hiyo ulikuwa mrefu, na huku nyuma najua macho yote yako kwangu. Nikamwambia, Mama, nimekosa, nimekufundisha maneno mawili na mimi mwenyewe nikashindwa kuyasema, njoo unisaidie. Alijifuta uso kwa mkono wa sweta. Akaniuliza kama nimewaambia. Nikasema nimewaambia. Akatembea nami kurudi, yuko kushoto kwangu, karibu, kama anavyofanya siku hizi, na sikuwa nimegundua mpaka siku hiyo kwamba huwa anachagua upande huo.

Hakuingia kwenye gari moja kwa moja. Aliizunguka yote, akainama akaangalia chini, akawatoa watoto akawasimamisha karibu na mke wangu, akaangalia nguzo ilivyokaa, halafu ndipo akapanda. Akawasha. Gari ikanguruma pale, haiendi. Watu wanangoja. Nikamsogelea dirishani nikamuuliza anangoja nini.

"Ugonge, Baba."

"Mimi sioni, Mama. Si nimesema?"

"Nimeshaangalia mimi. Wewe gonga tu."

Nikaweka kiganja kwenye bodi. Nikagonga mbili, nikazihesabu moja moja kama mtu anayemeza dawa, na pikapu ikatoka taratibu, ikanyooka mpaka getini, na nyuma yangu wakaanza kulisimamisha tenti. Sitasema nililia. Nitasema tu kwamba mchungaji mgeni alinishika bega akidhani nalilia viti.

Pikapu haikuuzwa. Nafula alifanya mtihani akapita, na sasa ndiye anayepeleka viazi sokoni, mimi nikikaa kushoto. Mimi nimeweka nadhiri kwamba bodi ya gari ya mtu, hata ikiwa imesimama na imezimwa, sitaigonga tena maisha yangu, na anayetaka tanboi atafute kwingine. Bado wananiita Dere. Nilidhani wataacha, hawakuacha, ila sasa wanaliita wakicheka.

Tukifika njia panda ya kuingia barabara kubwa, Nafula husimama, hushusha kioo, na huniuliza kila mara, kana kwamba hajui, "Baba, kushoto kuko sawa?" Zamani ningesema kuko sawa. Sasa namwambia sijui, Mama, angalia mwenyewe. Anaangalia, halafu tunaenda.